Wazamiaji wa Tangi la Matumbawe

Anayenunua tumbawe moja kwa ajili ya tangi lake la maji ya chumvi hanunui kiumbe mmoja. Katika vitundu vya jiwe ambalo tumbawe hilo limeota, katikati ya matawi yake na ndani ya ute unaolifunika, wamejibanza wengine ambao hawamo kwenye risiti: minyoo wenye nywele kali, kaa, konokono, anemoni, viti vya pweza visivyozidi ukucha wa kidole, na mayai ambayo hata muuzaji hana habari nayo. Hawa ni wazamiaji. Wamevuka bahari ndani ya mfuko wa plastiki, wamepita forodha bila kuulizwa, na sasa wako sebuleni mwa mtu asiyejua kama wapo. Atawajua baadaye, pengine baada ya miezi, taa zikiwa zimezimwa na kurunzi ikamulika pembe ambayo mchana huwa tupu. Namna atakavyoupokea ugeni huo ndiyo, kwa maoni yangu, kipimo halisi cha ufundi wake. Taa nzuri hununuliwa. Pampu, kichuja povu, chumvi ya kutengenezea maji, vipimo vya kemikali, vyote vina bei, na mwenye fedha anaweza kuvipata kwa siku moja. Uamuzi wa nani abaki, nani atolewe, na nani aachwe kwanza achunguzwe, huo hauuzwi dukani. Nadai kwamba ufugaji wa matumbawe unastahili kuheshimiwa hasa kwa sababu umelazimika kuujenga uamuzi huo, na kwamba sehemu yake ngumu kuliko zote ni kuuzuia mkono usiue kabla jicho halijajua.

Wazamiaji hawakuingia katika ufundi huu kwa bahati mbaya. Waliingia na uvumbuzi uleule ulioukuza. Anna Thynne, mwanamke wa London, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay, kusini mwa Uingereza, mwaka 1846, akayatunza nyumbani kwa miaka kadhaa kwa kumimina maji yake kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa, kazi ambayo kwa kweli ilimwangukia mtumishi wake. Lakini hayo yalikuwa matumbawe ya bahari baridi. Yale ya tropiki, ambayo huishi kwa kushirikiana na mwani ulio ndani ya miili yao na kwa hiyo hudai mwanga mkali na maji safi, yaliwashinda watu kwa muda mrefu. Tangi la maji ya chumvi la zamani lilikuwa mahali palipooshwa hadi uhai ukatoweka: mifupa ya matumbawe iliyopaushwa kwa dawa, changarawe, na samaki wachache wastahimilivu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta akaeleza katika jarida la Kimarekani la wafuga samaki njia iliyoonekana karibu ya kizembe: maji ya bahari, mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai wake wote, na hewa ya kububujika, basi. Mawe ndiyo yaliyofanya kazi. Bakteria walio juu yake huigeuza amonia itokayo kwenye uchafu wa samaki kuwa naitriti, kisha naitreti, na katika sehemu za ndani zisizofikiwa na oksijeni hata hiyo naitreti huvunjwa ikawa gesi ya nitrojeni na kuondoka zake. Haiwezekani kuwataka bakteria hao, na mwani wa waridi unaolipamba jiwe, kisha ukawakataa wakazi wengine wa jiwe hilohilo. Anayetaka kazi ya jiwe hai amekubali na umati wake.

Mzamiaji wa kwanza kumtisha mfugaji mpya huwa ni mnyoo. Hujitokeza usiku, mwili wa pingili nyingi, rangi ya waridi au kahawia, nywele nyeupe ubavu huu na huu. Akiguswa kwa kidole kitupu huziacha nywele hizo ndani ya ngozi na kumwachia mtu muwasho wa saa nyingi. Sura hiyo peke yake inatosha kumhukumia kifo, na wengi humhukumu. Wanakosea. Minyoo wengi wa namna hii wanaoonekana matangini, akiwemo Eurythoe wa bahari za joto, hula mabaki: chakula kilichozama, kinyesi, samaki aliyefia nyuma ya jiwe mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Hulaumiwa kwa sababu hukutwa juu ya mzoga, kana kwamba mchimba kaburi ndiye aliyeua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekuja na jembe lake mwenyewe. Idadi yake ikipanda ghafla, anamletea mwenye tangi taarifa ambayo hakuna kipimo cha duka kingemletea mapema hivyo, kwamba kuna chakula kingi mno kinachooza humo ndani. Anayepunguza chakula huwaona minyoo wakipungua bila kumgusa hata mmoja. Anayewaua bila kupunguza chakula hubaki na uozo uleule, safari hii bila wafanyakazi.

Hata hivyo, jamii ya minyoo ina wala matumbawe wa kweli, na hapa ndipo huruma ya jumla inapokuwa ujinga sawa na chuki ya jumla. Hermodice, mnyoo wa moto wa Atlantiki na Karibi, hunyonya tishu za matumbawe yakiwa hai. Eunice ni mbaya zaidi kwa sababu hukaa shimoni na kukua kimyakimya. Mwaka 2009 wafanyakazi wa Blue Reef Aquarium huko Newquay, Uingereza, waliona matumbawe yao yakiharibiwa, mengine yakikatwa vipande viwili, wasijue ni nani, hadi walipolibomoa pambo la tangi jiwe kwa jiwe wakamkuta mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Inaaminika aliingia akiwa mdogo. Walimpa jina Barry, wakamhamishia tangi lake. Mfugaji aliyesikia kisa hicho na kuamua kuangamiza kila mnyoo hajajifunza lolote kutoka Newquay. Fundi haongozwi na urefu wala ubaya wa sura, huangalia kichwa. Eunice ana vipapasio vitano kichwani na mataya magumu ambayo mla mabaki wa kawaida hana. Ni jambo la lenzi na subira ya dakika chache, na dakika hizo ndizo zinazowatenga watu wa kazi hii na watu wenye tangi.

Kwa kaa, kosa la haraka ni la gharama kubwa zaidi, maana wapo kaa ambao tumbawe linawahitaji. Kati ya matawi ya Pocillopora na Acropora huishi kaa wa Trapezia na jamaa zao, wadogo, bapa, wenye gamba laini lisilo na malaika. Hula ute wa tumbawe na vilivyonaswa humo, nao hulipa kodi ya nyumba. Mtafiti Peter Glynn, akifanya kazi Panama katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba kaa hawa, wakisaidiwa na kamba wanaoishi nao, humshambulia kiti cha pweza mla matumbawe anapopanda kula, wakamfukuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa, uliongeza kwamba huyafagia pia mchanga matumbawe yao, na kwamba matumbawe yaliyoondolewa kaa wake yaliumia zaidi kwa mchanga kuliko yaliyoachiwa. Sasa mfikirie mfugaji aliyelipa fedha nyingi kwa Acropora, akaona jozi ya macho ndani ya matawi, akachukua kibano. Amemfukuza mlinzi aliyekuja na nyumba. Kwa upande mwingine, kaa mwenye malaika mwili mzima na ncha nyeusi za magando, wa jamii inayopenda kujificha kwenye mashimo ya jiwe, mara nyingi hugeuka mharibifu akikua. Wafugaji wana kanuni fupi: mwenye manyoya na gando jeusi atoke, mwororo wa ndani ya matawi abaki. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, si ya kumalizia. Inayomaliza ni kukaa gizani na taa nyekundu, ambayo viumbe wengi wa baharini hawaioni vizuri, na kutazama gando linapeleka nini kinywani.

Pengine msomaji atauliza, je, subira hiyo haina gharama? Kumtazama mtuhumiwa usiku tatu nne si kumpa nafasi ya kula tena? Swali ni la haki, na mfano mkali kuliko yote ni yule kamba anayefanana na vunjajungu, mzamiaji ambaye husikika kabla ya kuonekana: mlio mkavu wa kugonga, usiku, kisha konokono waliopasuka asubuhi. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake walichapisha vipimo vya pigo la Odontodactylus scyllarus, wakakuta mkono wake ukifikia kasi ya mita 23 kwa sekunde, kasi inayofanya hata maji yenyewe yachemke kwa viputo vinavyopasuka na kuongeza nguvu ya pigo. Kiumbe huyo si wa kuachwa na kaa na konokono wa watu. Lakini kutazama kunakosifiwa hapa hakumaanishi kukaa bure. Aliyesikia mlio huutafuta ulikotoka, hutia alama jiwe, huweka chupa yenye chambo iliyogeuzwa shingo yake kwa ndani, au hulitoa jiwe zima na kulizamisha katika maji ya chumvi nyingi kupita kawaida ili aliyemo atoke mwenyewe. Na akishatoka, hamtupi. Wapo wafugaji wengi waliomjengea tangi lake dogo pembeni wakamfuga kwa miaka, kwa sababu baada ya kumjua wamegundua kwamba ana akili, ana macho ya ajabu kuliko ya mnyama yeyote wa mwambani, na kwamba kosa lake lote lilikuwa kuwekwa na majirani wasiomfaa. Gharama ya usiku tatu ni konokono wawili. Gharama ya kutokujua ni kubomoa tangi zima kumtafuta mtu ambaye huenda hayumo.

Viti vya pweza vidogo vya Asterina nitavipita haraka: vingi vinakula utando wa mwani kwenye kioo, vichache vinakula matumbawe, na njia ya kuvitofautisha ni ileile ya kutazama vimesimama wapi. Aliye na haki ya kuchukua nafasi kubwa ni Aiptasia, maana ndiye aliyewafunza wafugaji unyenyekevu. Ni anemoni wa kahawia, shina jembamba, mikono mirefu inayochoma. Wa kwanza huonekana mzuri, na watu humwacha kwa furaha ya kupata kiumbe wa bure. Miezi michache baadaye wametapakaa, wakiyachoma matumbawe jirani mpaka yanajikunja. Mkono wenye hasira huchukua kisu na kumkwangua, na hapo balaa hukamilika: kipande kidogo cha kitako chake kilichobaki juu ya jiwe huota anemoni mzima, na vipande vilivyochukuliwa na maji huota wengine kwingineko. Aliyekuwa mmoja amekuwa kumi kwa jitihada za adui yake. Dawa inayofaa hudai utulivu. Pampu huzimwa, bomba la sindano hujazwa uji mzito wa chokaa, jamaa wa chokaa ambayo pwani yetu imekuwa ikiichoma kutokana na matumbawe vizazi kwa vizazi, ncha yake husogezwa polepole hadi kinywani mwa anemoni, naye akidhani ni chakula huumeza uji unaomuunguza kutoka ndani. Akistuka akajikunja mapema, kazi imeharibika na leo haitarudiwa.

Wengine hukabidhi kazi hiyo kwa walaji. Kuna kamba wa Lysmata, kuna samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, ambaye huweza kumaliza Aiptasia akaendelea na minyoo wazuri uliowatunza. Mwaminifu kuliko wote ni Berghia, konokono asiye na gamba ambaye chakula chake ni Aiptasia tu. Uaminifu huo una matokeo ambayo fundi lazima ayafikirie kabla: Berghia akimaliza kazi atakufa njaa. Kwa hiyo imezuka desturi miongoni mwa wafugaji ya kupokezana, tangi likitakata Berghia wake wakapelekwa kwa mwenye shida kabla hawajaisha. Naiona desturi hiyo kuwa miongoni mwa mambo mazuri ya ufundi huu, kwani inamhesabu hata kiumbe wa kazi kuwa na kesho yake. Na kuna jambo jingine. Aiptasia huyuhuyu anayelaaniwa sebuleni, wanasayansi wanamfuga maabarani kwa makusudi ili waelewe kwa nini matumbawe hupauka. Hubeba mwani wa jamii moja na ule wa matumbawe, huweza kuupoteza akabaki hai na kuupokea tena, huzaana haraka, hahitaji mifupa ya chokaa. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015. Sifa zilezile zinazomfanya balaa tangini ndizo zilizompa kazi katika maabara.

Nimesifu kuuzuia mkono. Lazima sasa nitaje pale ambapo mkono usizuiwe. Mwaka baada ya mwaka wafugaji wa Acropora waliona matumbawe yao yakififia rangi kuanzia chini, madoa madogo yakitapakaa, kisha kifo, na hakuna aliyeonekana. Muuaji alikuwa mnyoo bapa, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ambaye hula tishu ya tumbawe pamoja na mwani wake na hivyo huvaa rangi ya kile alichokula. Huwezi kumwona kwa kutazama. Humwona ukilipulizia tumbawe maji kwa nguvu naye akabanduka. Kwa huyu hakuna mjadala wala tangi la pembeni. Matumbawe yote ya jamii hiyo hutolewa, huzamishwa katika dawa, hupuliziwa, hukaguliwa kwa lenzi, na mayai yake ya kahawia yaliyotagwa kwenye mifupa mitupu hukwanguliwa au kipande chote hukatwa kikatupwa, kwa sababu dawa huua minyoo na kuyaacha mayai. Kisha hurudiwa, na kurudiwa tena, kwa muda unaopita ule wa mayai kuanguliwa, ambao ni kama wiki tatu. Anayechoka mapema hulipia upya. Lakini angalieni mpangilio wa maarifa haya. Wafugaji walimjua, wakampiga picha, wakajua anapotaga na kinachomshinda, wakati sayansi haijampa jina. Jina, Amakusaplana acroporae, lilikuja mwaka 2011, kutokana na minyoo waliotoka matangini. Mwaka uliofuata, 2012, ndipo ilipochapishwa taarifa ya kwanza ya kumpata baharini, katika Kisiwa cha Lizard, kwenye mwamba mkuu wa Australia. Kiumbe wa bahari alijulikana sebuleni kabla ya kujulikana kwao, na waliomjua kwanza walikuwa watu wa kawaida waliozoea kukodolea macho jiwe moja.

Atakuja mtu mwenye akili na kusema kwamba taabu yote hii ni ya kujitakia. Siku hizi kuna mawe makavu, yaliyochimbwa nchi kavu au kutengenezwa kwa saruji. Kuna bakteria wa chupa. Kuna dawa za kuzamishia kila tumbawe. Anzisha tangi tupu, zamisha kila kinachoingia, na habari ya wazamiaji imekwisha. Nusu ya hoja hiyo naikubali bila ubishi, na hasa jiwe kavu, kwa kuwa halijabomolewa kutoka mwamba hai wa mtu yeyote. Nusu ya pili haishikiki. Tumbawe lenyewe haliwezi kuja kavu, na tumeona mayai yanavyoipita dawa. Tena tangi lililoanza tupu halibaki tupu. Nafasi isiyo na wenyeji hukaliwa na wa kwanza kufika, na mara nyingi wa kwanza ni utando wa vijimea vya kahawia au mwekundu unaofunika mchanga, ukawasumbua watu kwa miezi, jambo ambalo jiwe lenye wakazi wengi hulizuia kwa ushindani tu. Ndiyo maana wafugaji walioanza na mawe makavu huishia kumwomba jirani kikombe cha mchanga wake mchafu, kwa ajili ya minyoo na vijidudu vilivyomo. Samaki mandarini, yule wa rangi za bluu na machungwa, huishi kwa kudonoa vijidudu hivyo mchana kutwa, na katika tangi lililooshwa kila kitu hukonda mbele ya macho ya aliyemnunua.

Pale ambapo ukali unastahili, ufundi huu haujawahi kuuonea haya. Cryptocaryon irritans, kimelea kinachowafanya samaki watokwe na chembe nyeupe mwilini, huingia na samaki mpya au na maji yake, hudondoka, hujifungia ganda juu ya jiwe, kisha hupasuka na kutafuta samaki mwingine. Shaba humuua, lakini shaba huua pia kamba, konokono na matumbawe, hivyo haiwezi kutiwa ndani ya tangi. Njia iliyobaki ni ya nidhamu: samaki wote hutolewa na kutibiwa kwingine, na tangi hukaa bila samaki hadi vimelea vife kwa kukosa mwenyeji, wengi wakihesabu siku 76. Ni zaidi ya miezi miwili ya kutazama tangi lisilo na samaki. Anayedhani kwamba ninawasifu watu wapole wasioweza kuua, awaulize waliomaliza siku hizo.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalouliza kwa nini tusifu ufundi unaojilisha kwa kuipora bahari. Si pingamizi jipya. Edmund Gosse, katika kitabu chake cha mwaka 1907, alisikitika kwamba vitabu vya baba yake, Philip Henry Gosse, vilivyofundisha Waingereza kupenda viumbe wa pwani, viliwaleta watu wengi waliokuja kuvikomba vidimbwi vya miamba hadi vikawa vitupu. Leo matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES na hayasafirishwi bila kibali, lakini samaki wa mapambo bado hukamatwa kwa sianidi katika sehemu za Ufilipino na Indonesia, na Kenya imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo kutoka miamba yake kwa miongo mingi. Sitajitetea kwa kusema kwamba baruti za wavuvi, tanuri za chokaa na joto la bahari la mwaka 1998 viliua matumbawe mengi zaidi katika pwani yetu, ingawa ni kweli. Uovu mkubwa hausafishi mdogo. Nasema tu kwamba hofu ya mzamiaji imewasukuma wafugaji kuelekea upande wa haki. Aliyeteswa na mnyoo bapa mara moja hataki tena tumbawe lililotoka baharini juzi. Anataka kipande kilichokatwa kutoka kwa mama aliyekulia tangini, kikakaa karantini, kikajulikana ukoo na afya yake. Kila kipande cha namna hiyo ni tumbawe moja lililobaki mwambani. Na maarifa hayo yanavuka kioo. Katika vitalu vya matumbawe kama vile vya Shimoni, kusini mwa Kenya, ambako vipande hukuzwa ili kurudishwa kwenye mwamba ulioharibika, kazi isiyoisha ni ya kusugua mwani na kuangalia kinachokula vipande, kazi ambayo mfugaji wa tangi angeitambua mara moja.

Upande mmoja tu ndio ambao sina cha kuutetea, nao ni wa mzamiaji anayetoka. Mwaka 1984, chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, ulionekana mwani wa matangini, Caulerpa taxifolia, umeota eneo la kama mita moja ya mraba. Ulistahimili baridi kuliko jamaa zake wa tropiki, na viumbe wengi wa Mediterania hawakuula. Haukung'olewa wakati ungeweza kung'olewa na mtu mmoja kwa asubuhi moja, ukaenea katika nchi kadhaa za bahari hiyo. Mwani huohuo ulipogunduliwa katika wangwa wa Agua Hedionda, California, mwaka 2000, wahusika walijifunza kutoka Monaco: waliufunika kwa maturubai, wakaingiza klorini chini yake, wakaendelea kupiga mbizi na kukagua hadi mwaka 2006 ndipo wakatangaza kwamba umekwisha, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 7. Kwa hiyo yeyote mwenye tangi, awe Mombasa, Muscat au Toronto, asirudishe kitu chake baharini: si samaki aliyekua mno, si jiwe lililochosha, si mwani uliong'olewa, si maji ya kubadilisha ambayo hayajatiwa klorini. Jiwe na likauke juani mpaka liwe jeupe, mwani na ugandishwe au uchomwe, na samaki apewe mfugaji mwingine.